Kutengeneza bismuthi-antimoni teluridi yenye punje za nano: mwongozo kamili, kuanzia mizani hadi zT

Kipande cheusi chenye kung'aa, ukubwa wa sarafu, kizito mkononi. Upashe moto upande wake mmoja na kuupoza wa pili, kitatoa umeme, na hakuna kitu ndani yake kinachozunguka wala kupiga kelele. Ukipitishia umeme, upande mmoja utapoa na mwingine utapata joto. Jiko la kuni la BioLite, lililowahi kuuzwa hata Kenya na Uganda, linaendesha feni yake na kuchaji simu kwa vipande vya namna hii. Zile friji ndogo za kwenye gari zinapoza soda kwa vipande hivyo hivyo vikifanya kazi kinyume. Hivi ndivyo vifaa vya thamoelektriki. Kuanzia joto la chumba hadi kama nyuzi 250 za Selsiasi, bismuthi teluridi na aloi zake zimeshika nafasi ya kwanza tangu miaka ya 1950.

Ubora wa kifaa hupimwa kwa nambari moja, zT. Chukua kizigeu cha Seebeck, yaani volti unazopata kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto, ukizidishe kwa chenyewe. Zidisha kwa upitishaji umeme, zidisha kwa jotoridi katika kelvini, kisha gawanya kwa upitishaji joto. Tunataka umeme upite kama kwenye metali na joto likwame kama kwenye kioo. Ugumu unatokana na kwamba vibebaji vya umeme hubeba pia joto, kwa hiyo ukiongeza kimoja unakiongeza na kingine. Sehemu pekee ya joto tunayoweza kuikata bila kuugusa umeme sana ni ile inayobebwa na mitetemo ya fuwele yenyewe, ambayo wanafizikia huiita fononi.

Aliyekulia pwani ataelewa haraka. Wimbi kubwa la bahari kuu huvunjwa na mwamba wa matumbawe, lakini viwimbi vidogo hupita juu yake vikaingia ndani, na huko mizizi ya mikoko ndiyo huvimaliza. Fononi nazo ni mawimbi ya urefu mbalimbali. Zile fupi kabisa hutawanywa na atomi za antimoni na bismuthi zilizochanganyika ovyo kwenye aloi. Zile ndefu, zinazosafiri makumi na mamia ya nanomita bila kugonga kitu, hazioni atomi mojamoja. Hizo zinahitaji ukuta mkubwa zaidi, na ukuta huo ni mpaka kati ya punje moja ya fuwele na nyingine. Vibebaji vya umeme husafiri mwendo mfupi kabla ya kugongana, hivyo mipaka hiyo haiviumizi kwa kiasi kile kile.

Mwaka 2008 kundi la Boston College na MIT, Zhifeng Ren, Gang Chen na Mildred Dresselhaus wakiwemo, lilisaga bismuthi-antimoni teluridi ya kawaida ikawa unga wa nano, likaubana kwa joto na kupata zT ya 1.4 kwenye nyuzi 100. Mkuo wa kibiashara, yaani donge la aloi lililoyeyushwa na kugandishwa bila kusagwa, wakati huo ulikuwa unazunguka kwenye 1. Kilichonivuta kwenye kazi ile ni wepesi wa vifaa vyake: kinu cha gololi na kifaa cha kubana kwa joto, basi.

Faida ni ya kiasi gani? Fanya hesabu kwa upande wa moto wa nyuzi 200 na wa baridi wa nyuzi 50. Wastani wa zT ukiwa 1.0, ufanisi wa juu kabisa ni kama asilimia 6.3. Ukiwa 1.4, unafika asilimia 7.8. Huo ni umeme zaidi kwa karibu robo kutoka kwenye joto lile lile, na kwa jiko linalochaji simu robo hiyo inaonekana.

Nitakuonyesha aina p, yaani ile ambayo umeme hubebwa na nafasi zilizoachwa na elektroni, ziitwazo matundu. Fomula yake ni Bi0.5Sb1.5Te3, na mwongozo ni kwa mtu mwenye ufikivu wa maabara yenye kinu na kifaa cha kubana. Nikwambie mapema jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua: kuzipata punje ndogo ni kazi ya siku moja. Kazi halisi ni kuzilinda, kwanza dhidi ya oksijeni, kisha dhidi ya joto, na mwisho dhidi ya vipimo vyetu wenyewe.

Hatua ya 1: Vifaa, na afya yako

Utahitaji bismuthi, antimoni na teluri zenye usafi wa asilimia 99.99 au zaidi, mizani inayosoma miligramu 0.1, mirija ya kioo cha kwatsi, pampu ya ombwe, tanuri, sanduku la glovu lenye agoni, kinu cha gololi chenye nguvu, na mashine ya kubana kwa joto. Ikiwa kuna mashine ya kubana inayopitisha mkondo wa umeme kwenye kalibu, tumia hiyo, maana inapasha kwa dakika chache, na dakika ni mali. Kifaa cha kawaida kinachopashwa na koili kinatosha pia.

Teluri isichukuliwe kwa mzaha. Ikiingia mwilini, hata kidogo, mwili huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu, na pumzi na jasho vitanuka hivyo kwa siku nyingi. Harufu hiyo ikitokea kwa mwenzako wa maabara, ina maana vumbi linapumuliwa mahali fulani. Simamisheni kazi mpate chanzo. Unga mkavu wa nano usifunguliwe nje ya sanduku la glovu au kabati la kuvuta hewa. Unaweza kushika moto ukikutana na hewa ghafla. Na agoni ikivuja kwenye chumba kidogo huondoa hewa ya kupumua bila dalili, kwa hiyo dirisha liwe wazi au kipima oksijeni kiwepo.

Hatua ya 2: Kupima

Uzito wa moli moja ya Bi0.5Sb1.5Te3 ni gramu 669.93. Kwa fungu la gramu 20 pima bismuthi gramu 3.1194, antimoni gramu 5.4525 na teluri gramu 11.4281. Antimoni na bismuthi zilizokaa muda mrefu huwa na ngozi ya oksidi. Kwangua kwa kisu safi kabla ya kupima. Andika uzito halisi ulioupata, si ule uliokusudia. Aloi hii hubadilika tabia kwa tofauti ndogo sana ya teluri, na miezi sita baadaye utataka kujua kilichotokea.

Hatua ya 3: Mkuo

Wapo wanaotia elementi moja kwa moja kwenye kinu na kuacha gololi ziziunganishe. Inawezekana. Mimi napendelea kuyeyusha kwanza, kwa sababu mkuo uliounganika vizuri huniondolea swali moja pale matokeo yanapokuja vibaya.

Tia elementi kwenye mrija wa kwatsi uliooshwa na kukaushwa, vuta ombwe, ziba kwa moto. Panda taratibu, hasa kati ya nyuzi 400 na 600, kwa sababu teluri huyeyuka kwenye nyuzi 449.5 na muungano wake na metali hizi hutoa joto lake wenyewe. Ukienda mbio mrija unaweza kupasuka. Fika nyuzi 750 hadi 800, kaa saa 10, na utikise mrija mara kadhaa ili kimiminika kichanganyike. Kisha utumbukize kwenye maji. Upoaji wa ghafla huzuia sehemu moja ya mkuo isijae antimoni na nyingine bismuthi.

Hatua ya 4: Kusaga

Hapa ndipo nanomuundo unapozaliwa.

Ponda mkuo kwenye kinu cha mkono ndani ya sanduku la glovu hadi upate vipande vya ukubwa wa punje za mchele. Tia gramu 18 kwenye chombo cha chuma kigumu pamoja na gololi za uzito mara kumi, yaani gramu 180. Kwa gololi za chuma za milimita 10 hizo ni kama 44. Funga chombo ndani ya agoni. Pete ya mpira ya kifuniko iwe mpya au isiyo na mkwaruzo. Pete hiyo ya bei ndogo ndiyo inayosimama kati ya unga wako na hewa ya chumba.

Kwenye kinu cha sayari, ambacho chombo hujizungusha huku kikizungushwa kama sayari, anza na mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika: dakika 20 kusaga, dakika 10 kupumzika, hadi jumla ya kusaga ifike saa 5 hadi 10. Mapumziko si uvivu. Aloi hii ni laini, ina matabaka yanayoteleza kama ya grafiti, na chombo kikipata moto unga hujibandika ukutani kama ugali chini ya sufuria. Ukishajibandika hausagiki tena, unakandamizwa tu. Kila baada ya saa mbili au tatu rudisha chombo kwenye sanduku la glovu, kwangua ukuta, endelea. Wengine huongeza ethanoli au heksani kuzuia kubandika. Kwa kazi hii naona ni afadhali kukwangua, kwa sababu mabaki ya kimiminika hujificha kati ya punje na kurudi kukusumbua kwenye hatua ya mwisho, kama nitakavyoeleza.

Sasa oksijeni. Chukulia kila chembe ni tufe la nanomita 20. Kwa densiti ya gramu 6.8 kwa sentimita ya ujazo, gramu moja ina uso wa mita za mraba 44. Gramu 18 ulizonazo zingekuwa na karibu mita za mraba 800, yaani eneo la karibu viwanja viwili vya mpira wa kikapu, ndani ya chombo unachokibeba kwa mkono. Chembe halisi hugandamana, kwa hiyo eneo lililo wazi ni dogo zaidi, lakini hesabu inatosha kuonyesha hatari. Kila kipande cha uso huo kinatamani oksijeni. Oksidi ikikaa kwenye mipaka ya punje huzuia umeme kuliko inavyozuia joto, na kila ulichokipata kinapotea.

Nikiwa mwanafunzi nilifungua chombo changu cha kwanza nje ya sanduku, siku ya mvua, ili tu nione unga umefikia wapi. Nilikiacha wazi muda wa kunywa chai. Kidonge kilichobanwa kutoka kwenye unga ule kilikuwa kizuri machoni, densiti yake safi, ila upitishaji umeme ulikuwa nusu ya ule wa fungu lililofuata ambalo sikulifungua. Tangu siku hiyo sampuli ya kukagua naichotea ndani ya agoni, na naipeleka kwenye kipimo ikiwa chini ya utepe wa plastiki.

Kuna jambo la pili linalotokea kinuni ambalo halionekani kwa jicho. Kugongwa na gololi huharibu mpangilio wa atomi na kuacha kasoro zinazotoa elektroni za ziada. Katika aina p elektroni hizo humeza sehemu ya matundu yanayobeba umeme. Ndiyo maana unga uliosagwa saa 20 unaweza kukupa kizigeu cha Seebeck kikubwa na umeme kidogo. Kusaga zaidi si lazima kuwe kusaga vizuri. Kwangu saa 8 ndiyo mwisho, nikivuka hapo ni kwa sababu maalumu.

Hatua ya 5: Kuukagua unga

Piga eksirei ya unga. Mistari yote itakayosimama kwenye mchoro wake iwe ya muundo mmoja wa bismuthi-antimoni teluridi, na mstari mkuu uwe karibu na pembe ya digrii 28 kwa mionzi ya shaba. Ukiona mstari wa teluri pekee, muungano haukukamilika au kuna teluri iliyozidi.

Mistari ya unga wa nano ni minene. Unene huo unakupa ukubwa wa punje kwa fomula ya Scherrer: zidisha 0.9 kwa urefu wa wimbi, nanomita 0.15406, gawanya kwa unene katika radiani uliozidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe. Mstari wenye unene wa digrii 0.6, baada ya kuondoa unene wa mashine yenyewe, unakupa kama nanomita 14. Kumbuka kwamba unga uliogongwa una mkazo ndani yake, na mkazo nao hunenepesha mistari. Nambari ya Scherrer peke yake huonyesha punje ndogo kuliko zilivyo. Ukiweza, thibitisha kwa hadubini ya elektroni.

Hatua ya 6: Kubana kwa joto

Hatua hii ndiyo yenye mvutano mkubwa kuliko zote. Bila joto la kutosha unga hautashikana. Joto likizidi, punje ndogo zitamezwa na kubwa, na punje ikishakua hairudi.

Tumia kalibu ya grafiti yenye tundu la milimita 12.7. Tandika karatasi ya grafiti ukutani na kwenye nyuso za mihimili, ile inayoingia tunduni na kuubana unga. Kwa kipande kirefu cha milimita 13, ambacho nitaeleza kwa nini nakitaka kirefu hivyo, unahitaji unga wa gramu 11.2. Jaza ndani ya agoni.

Bana kwa megapaskali 50. Kwa tundu hili hiyo ni nguvu ya kilonyutoni 6.3, hakikisha mashine yako inaweza kushika nguvu ndogo hivyo bila kuyumba, maana mashine nyingi zimetengenezwa kwa kalibu kubwa. Panda nyuzi 50 hadi 100 kwa dakika, fika nyuzi 400, kaa dakika 5, zima umeme, na uondoe shinikizo polepole kipande kikiwa bado na joto ili kisipasuke.

Nyuzi 400 za wapi, hata hivyo? Kipimajoto kimo kwenye kitundu ukutani mwa kalibu, milimita kadhaa kutoka kwenye unga. Mkondo unapopita na joto linapopanda kwa kasi, unga unaweza kuwa na joto zaidi ya kinachosomeka. Kila mashine ina tofauti yake. Njia rahisi ya kuijua ni kuyeyusha kitu unachokijua: weka kijipande cha teluri mahali pa sampuli, bila shinikizo kubwa, na uangalie mhimili unaposhuka ghafla. Ukishuka wakati kipimo kinasoma 430 na si 449.5, basi unajua pengo lako.

Angalia pia ukingo wa mihimili baada ya kufungua. Vijitone vya rangi ya fedha vilivyochuruzika nje vinaonyesha teluri imeyeyuka na kusukumwa. Katika mapishi haya hiyo ni dalili mbaya, kwa sababu umebadilisha kemia bila kukusudia. Lakini kuna waliofanya jambo hilo kwa makusudi. Mwaka 2015 watafiti wa Korea Kusini walitia teluri ya ziada, wakaacha iyeyuke na kukamuliwa nje wakati wa kubana, ikaacha nyuma mistari ya kasoro iliyosongamana kwenye mipaka ya punje. Walitangaza zT ya 1.86 kwenye kelvini 320. Wazo lile ni zuri sana: mipaka yenyewe imewekewa vizuizi vya ukubwa wa kati, kati ya atomi moja na punje nzima. Ni jaribio la kufanya ukishamudu la kwanza.

Hatua ya 7: Densiti na kukata

Ng'arisha kipande kwa msasa, ondoa grafiti yote, pima densiti kwa njia ya Arkimedi. Unatafuta asilimia 97 au zaidi ya gramu 6.8 kwa sentimita ya ujazo. Kipande chenye vishimo hupitisha joto kidogo, na hilo linaweza kukufurahisha kwa dakika moja. Lakini kinapitisha umeme kidogo pia, na kinavunjika unapokikata.

Nilisema kipande kiwe kirefu. Bismuthi teluridi imejengwa kwa matabaka ya atomi tano tano, teluri, metali, teluri, metali, teluri, yaliyoshikana wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu hafifu. Umeme na joto hupita vizuri zaidi kufuata tabaka kuliko kuyakatiza. Unapobana unga kutoka juu, vijisahani vingi hulala kifudifudi. Kipande chako basi kina pande mbili zisizofanana: ule wa kubana, na ule wa mlalo unaoukata kwa pembe mraba.

Mtu mwenye kidonge chembamba hana chaguo. Joto atalipima kutoka uso mmoja hadi mwingine, yaani upande wa kubana, ambako linapita kwa shida. Umeme ataupima kwenye kijiti kilichokatwa kwa mlalo, ambako unapita kwa urahisi. Kisha atazidisha nambari hizo mbili kana kwamba ni za upande mmoja, na zT yake itapaa. Hakuna kosa lililowapa watu wa fani hii furaha za uongo kuliko hili, na wengi waliolifanya walikuwa waaminifu kabisa.

Kwa hiyo kata hivi: kutoka kwenye kipande cha milimita 13, chukua kijiti kilichosimama sambamba na upande wa kubana, na kibamba cha kupima joto kwa upande huo huo. Kisha chukua kijiti cha mlalo na kibamba cha mlalo. Weka alama ya wino kwenye kila kimoja kabla ya kukitoa kwenye msumeno. Piga eksirei kwenye nyuso za pande zote mbili. Mistari ya 006 na 0 0 15, inayotokana na matabaka yaliyolala sambamba na uso, ikiwa na nguvu zaidi upande mmoja, punje zimelala, na ulinganifu wa pande haupo.

Hatua ya 8: Kupima

Kizigeu cha Seebeck na upitishaji umeme hupimwa pamoja kwenye kijiti, ndani ya heli au agoni. Upitishaji joto haupimwi moja kwa moja. Unapiga kibamba kwa mmweko wa leza, unapata kasi ya joto kusambaa, unaizidisha kwa densiti na kwa uwezo wa joto. Kwa uwezo wa joto, nambari ya Dulong na Petit, inayokadiriwa kwa kuhesabu atomi tu, ni mwanzo salama: kwa kiwanja hiki ni jouli 0.186 kwa gramu kwa kelvini. Kipimo chako kikikupa nambari iliyo chini sana ya hiyo, shuku kipimo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Seebeck mikrovolti 210 kwa kelvini, upitishaji umeme simensi 100,000 kwa mita, msambao wa joto milimita za mraba 0.88 kwa sekunde, densiti gramu 6.7. Upitishaji joto unatoka wati 1.10 kwa mita kwa kelvini, na zT kwenye kelvini 300 inatoka 1.2.

Usiishie hapo. Tenganisha joto la vibebaji na la mitetemo, kwa sababu la mitetemo ndilo ulilokuja kulikata. Namba ya Lorenz, inayounganisha joto la vibebaji na umeme wanaoupitisha, ikadirie kwa 1.5 jumlisha e iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi ya Seebeck iliyogawanywa kwa 116. Kwa mikrovolti 210 unapata 1.66, katika sehemu za milioni mia. Ukizidisha kwa upitishaji umeme na kelvini 300, vibebaji vinachukua wati 0.50. Kilichobaki ni 0.60. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mkuo usiosagwa. Ikiwa kilichobaki hakikupungua, punje zako zimekua ndani ya kalibu, hata kama zT inapendeza.

Kosa la kila kipimo ni asilimia kadhaa, na la Seebeck linahesabiwa mara mbili, hivyo zT inaweza kuyumba kwa asilimia 15 hadi 20. Tofauti kati ya 1.2 na 1.3 isikukoseshe usingizi. Rudia fungu zima mara tatu kabla hujamwambia mtu.

Kisha pasha kijiti hadi nyuzi 250, kipoze, pima tena. Nambari zirudi zilipokuwa. Pima na densiti upya. Hapa ndipo kile kimiminika cha kinuni kinapojitokeza: mabaki yake yanageuka gesi, kipande kinavimba, densiti inashuka, na upitishaji umeme unaanguka. Kipande kilichovimba hakina tiba.

Mambo yakienda kombo

Seebeck ikiwa juu, tuseme 250, na umeme ukiwa mdogo, matundu ni machache. Kipashe ndani ya mrija uliozibwa kwa nyuzi 300 kwa siku moja au mbili ili kasoro za kinuni zitulie. Kisipobadilika, fungu lijalo ongeza antimoni kidogo, 1.6 badala ya 1.5, maana antimoni huongeza matundu. Njia hiyo pia ndiyo ya kufuata ukitaka zT ya juu ihamie kwenye joto kubwa zaidi, kwa sababu matundu mengi huchelewesha elektroni zinazozaliwa na joto, ambazo huanza kuharibu Seebeck ukipita nyuzi 100 na kitu.

Seebeck ikiwa ya kawaida lakini umeme ukiwa mdogo, fikiria oksidi au vishimo. Densiti itakuambia ni kipi. Umeme ukiwa mwingi na joto la mitetemo lisishuke, punje zimekua: punguza nyuzi 20, au dakika, si vyote kwa pamoja. Badilisha kimoja kwa wakati.

Aina n

Kifaa kinahitaji miguu ya aina mbili, na mguu wa pili, aina n, Bi2Te2.7Se0.3, ambao umeme wake hubebwa na elektroni, ni mkaidi. Elektroni zake hujali mno mwelekeo wa matabaka. Ukisaga unga ukaupanga ovyo, unapoteza umeme karibu sawa na joto ulilolikata. Dawa yake ni kubana mara mbili: kipande kilichokwisha kubanwa hutiwa kwenye kalibu pana zaidi na kubanwa tena kwa joto, kikatanuka pembeni, na matabaka yakajipanga. Kwa njia hiyo mwaka 2010 zT ya aina n ilipanda kutoka 0.85 hadi 1.04 kwenye nyuzi 125, ikipimwa kufuata matabaka. Ukianza na aina n ukakata tamaa, rudi kwenye aina p kwanza. Mkono ukizoea, utaweza.

Kuunganisha kwenye kifaa

Usiuze kitu wala kuandika ripoti ya kifaa kabla hujapima viungo. Shaba na solda huingia ndani ya teluridi na kuibadilisha, hivyo weka tabaka la nikeli katikati, juu ya uso uliokwanguliwa muda mfupi kabla. Chukua mguu wa urefu wa milimita 1.5 wenye upitishaji ule wa mfano: ukinzani wake ukizidishwa kwa eneo ni 0.00015, katika ohm mara sentimita ya mraba. Viungo viwili vya 0.000001 kila kimoja, kwa kizio hicho hicho, vinaongeza asilimia 1.3. Vikiwa vya 0.00001, vinaongeza asilimia 13, na sehemu kubwa ya faida uliyoipata kinuni imeishia kwenye solda. Pima ukinzani kwa sindano inayotembea juu ya mguu, milimita 0.1 kwa milimita 0.1, kuvuka kiungo. Ngazi utakayoiona kwenye mchoro pale sindano inapovuka nikeli ndiyo kiungo chako.